Stima Ikikatika, Seva Hukumbukaje?

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipokatika karibu Kenya nzima, wengi waliulizia jenereta. Kwa hoteli ya Diani inayopokea wageni kwa kompyuta kuna swali tamu zaidi: seva ilikuwa ikiandika nini dakika ile? Kuongeza faili moja hubadilisha sehemu kadhaa za diski: saraka, kadi ya faili lenyewe, na ramani ya nafasi zilizokaliwa. Haziandikwi zote kwa mkupuo. Kazi ikikatizwa, saraka yaweza kutaja faili ambalo ramani inaiona nafasi yake tupu, na kesho jingine likaandikwa juu yake. Zamani tiba ilikuwa fsck, programu ya kukagua diski nzima, kazi ya saa nyingi diski ikiwa kubwa. Mwaka 2001 Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, ilipokea ext3, mfumo wa kupanga faili diskini, kazi ya Stephen Tweedie, yenye kile ninachokiita daftari la ahadi.

Mfikirie karani wa samaki pale Mwaepe, kituo cha wavuvi Diani. Pweza wa kilo 5 akitoka kwa mvuvi kwenda kwa mchuuzi, kurasa mbili lazima zibadilike. Karani hagusi hata mmoja kwanza. Anaandika pembeni, “wa mvuvi usomeke 15, wa mchuuzi usomeke 25”, anatia sahihi, ndipo anazifungua kurasa zenyewe. Mvua ikimkimbiza kabla ya sahihi, mstari ule hupuuzwa, biashara haikuwapo. Ikimkuta baada ya sahihi, hunakili upya. Na utamu uko hapa: hakuandika “ongeza 5”, aliandika jumla ya mwisho, kwa hiyo akinakili mara 3 hesabu ni ile ile. Seva nayo hufanya vivyo hivyo na daftari lake: stima yaweza kukatika tena katikati ya ukarabati wenyewe, na seva ikaanza upya bila dhara.

Atasema mtu UPS, betri ya akiba, inatosha. Haitoshi: Linux yenyewe huweza kuanguka stima ikiwapo. Mwingine atauliza mbona buking za mwisho hupotea. Kwa kawaida daftari hulinda mpangilio, si yaliyomo. Seva ikigoma hata hivyo, nakili diski nzima kwanza, kisha endesha fsck -n, inayokagua bila kubadilisha kitu. Fsck ya kawaida hutengeneza hata kwa kufuta.