Maji Yale Yale, Umeme Zaidi

Wasomaji wetu wa Sudi na wa pwani yote ya Lindi hadi Kilwa waijua nguvu ya maji ya bahari yanapojaa na kupwa, lakini maporomoko ya mto hawanayo. Hata hivyo yafaa wajue jinsi umeme upatikanavyo katika mito ya bara, kwani maji ya baadhi ya mito hiyo hushukia katika mikoko ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa.

Nguvu ya mtambo wa maji hutokana na mambo mawili: wingi wa maji na kimo cha maporomoko yake. Basi atakaye umeme zaidi si lazima azuie mto mwingine. Aweza kuyatumia maji yale yale mara ya pili. Bwawa la Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu, lilijengwa kwanza liwe ghala ya maji kwa mitambo ya Kidatu iliyo chini yake, yenye nguvu ya megawati 204. Kwa miaka kadhaa maji yalifunguliwa pale Mtera yakaenda zake bila kazi. Mwaka 1988 ikawekwa mitambo ya megawati 80 papo hapo penye bwawa. Tangu hapo maji hufanya kazi Mtera, kisha hufanya kazi tena Kidatu.

Njia ya pili ni kubadili mitambo mikuukuu. Katika Maporomoko ya Pangani, mitambo ya miaka ya 1930 ilikuwa na megawati 17.5, ile mipya, iliyoanza kazi mwaka 1995 katika mto ule ule, ina megawati 68.

Lakini kila jambo lina mpaka wake. Huko Kihansi maji huanguka zaidi ya meta 800, na manyunyu yake yalilisha vyura wadogo wa manjano wasiopatikana pengine popote duniani. Maji yalipopitishwa katika handaki kwenda mitamboni, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani watunzwe, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa bondeni. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2012 ndipo wakaanza kurudishwa. Laiti sehemu ya maji ingaliachiwa bonde tangu mwanzo, taabu hiyo ingalipungua.

Mwenye kukamua ng'ombe humwachia ndama haki yake. Na mto nao una ndama wake: samaki, mikoko, na watu wa chini. Twawaomba walimu na wazee wa miji wawafundishe vijana pia kutokata miti kandokando ya mito, ukiwamo Lukuledi wetu. Udongo ukishuka hujaza bwawa, na bwawa lililojaa udongo halina nafasi ya maji, hata mitambo ikiwa mipya.