Mwaka mpya: Tupumzike bila kuwatupa jamaa zetu

Ndugu msomaji, kila unapoandama mwezi wa Muharram hukumbushana Waislamu habari za Hijra, fadhila za saumu ya Ashura na umuhimu wa kuyahesabu matendo yetu. Leo tutazame jambo jingine linalozigusa nyumba nyingi katika siku hizo hizo: vipi familia itaupa mwili mapumziko bila kuukata udugu, na vipi itauunga udugu bila kuuchosha mwili hadi ibada na malezi vikazorota.

Mfano wetu tuuchukue Mwanga, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Huko zipo nyumba nyingi ambazo riziki yake hutoka Ziwa Tanganyika: baba ni mvuvi, mama huanika dagaa au huwauza sokoni, na kijana hubeba mizigo mwaloni Kibirizi. Nyumba ya namna hiyo haina usiku na mchana kama wa jirani yake mwalimu au karani.

Hilali na taa za wavuvi

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi zimeenea taa za umeme wa jua. Katika giza, dagaa huifuata taa. Mbalamwezi inapotanda juu ya maji, taa hupoteza nguvu yake, na ndiyo maana wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu.

Sasa tuitazame kalenda ya Hijria. Mwezi wake huanza kwa hilali nyembamba inayotua mapema baada ya Magharibi. Kwa hiyo tarehe mosi Muharram huangukia siku zote katika usiku wa giza, wakati kazi ya ziwani imepamba moto. Tarehe 10, siku ya Ashura, mwezi umekwisha kukua. Tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo ni sunna kuzifunga, huangukia wakati mitumbwi imevutwa nchi kavu.

Hapa pana mazingatio. Mvuvi aliyekesha ziwani hurejea alfajiri, akasali, akalala. Saa nne asubuhi wageni wakibisha hodi kwa ajili ya mwaka mpya, ataamka kwa haya, naye jioni anatakiwa tena majini. Mtu aliyesinzia usiku, juu ya ziwa ambalo kina chake chazidi mita 1,400, huhatarisha roho yake na za wenzake. Usingizi wake wa mchana basi si uvivu, bali ni sehemu ya kazi yake na amana kwa watoto wake.

Wala sheria haikutulazimisha kuifanyia karamu tarehe hiyo. Sikukuu zetu ni mbili, Idi ya Fitri na ya Adh-ha. Kuhesabu miaka kuanzia Hijra kuliwekwa katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (R.A.) ili mambo ya umma yapate tarehe. Familia ina uhuru wa kupanga ziara zake pale zitakapoleta furaha. Kwa nyumba za wavuvi, siku za mbalamwezi ndizo zao: wenye kufunga wafunge, na Magharibi ikiingia jamaa wakutane kwenye futari moja.

Mgeni aliyeleta mapumziko

Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume aliwaunganisha kwa udugu. Salman alimzuru ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa hana habari ya kujipamba, kwani mumewe alikuwa amezama katika saumu na sala za usiku. Salman akamtaka ndugu yake ale pamoja naye, na usiku akamwambia alale, kisha mwisho wa usiku wakaamka wote wawili kusali. Akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Mtume (S.A.W.) aliposimuliwa, alimsadikisha Salman.

Tuangalie ni nani aliyeirudishia nyumba ile mizani yake: ni mgeni! Lau Salman asingebisha hodi, uchovu wa mke yule usingeonekana. Ziara njema huiacha nyumba imepumzika kuliko ilivyokuwa. Ziara inayomweka mama jikoni tangu Adhuhuri hadi Isha, ilhali tangu alfajiri alikuwa juani akigeuza dagaa, haijamwunga mtu. Bibi Aisha (R.A.) alieleza kuwa Mtume alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani mpaka ufike wakati wa sala. Baba anayepumzika mbalamwezi nzima asisahau kuuliza mama watoto atapumzika lini.

Somo la mwaka 2024

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisitishwa upande wa Tanzania, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Muharram ya mwaka 1446 iliandama mwanzoni mwa Julai, katikati ya muda huo. Usiku wa giza ulifika, lakini taa za wavuvi hazikwenda majini.

Ziwa likivuliwa bila kupumzishwa huishiwa, na mwanadamu ni hivyo hivyo. Lakini kukaa bila kazi si lazima kuwe mapumziko. Mwenye mfuko mtupu hulala mchana na moyo wake uko macho, na huwakwepa watu kwa kuona haya, hasa yanapotajwa michango ya harusi. Wakati kama huo haifai kusema kuwa fulani amejitenga. Mwendee wewe, na mkononi uwe na unga au mawese, na umpunguzie mchango kabla hajaomba.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, tushike mambo matatu. Kwanza, tuulize saa ya mwenyeji kabla ya kwenda. Suratun Nur imetufundisha kuomba ruhusa, na kuwa tukiambiwa turudi basi turudi, na hilo ni safi zaidi kwetu. Pili, tusirefushe mazungumzo baada ya Isha, kwani Mtume aliyachukia. Tatu, tusiufanye uchovu kuwa kisingizio: mgonjwa na jeneza havingoji mbalamwezi, na mzazi mzee aliye Ujiji haridhiki na sauti ya simu pekee.

Mwenyezi Mungu aujaalie mwaka wetu kuwa wa afya na upendo, awarejeshe salama walio majini, na azijaze nyumba zetu utulivu. Amin.