Sholay: Huku Fare Ikitumwa, Mtu Anafika

Warya, vuta kiti. Wasee wa mtaa wa Bulla Iftin wanajua Sholay, ile filamu ya Kihindi, kuliko wanavyojua majirani. Ile iliyodubiwa Kisomali, obvious, yenye Dharmendra anabonga Af-Soomaali poa kushinda binamu yako wa Nairobi. Lakini uliza vile ilishutiwa. Kimya. Adeer mmoja wa base ya chai atakushow ilishutiwa Pakistan. Huyo huyo alisema Bluetooth ni jini, so.

Rada ndio hii. October 1973, director Ramesh Sippy anabeba mbogi yake hadi Ramanagara, karibu na Bangalore. Mawe tupu. Wanajenga kijiji nzima from zero. Bajeti: karibu rupia milioni 30. Enzi hizo, hiyo ni chapaa ya kufanya producer ashike kifua.

Sasa Dharmendra. Bazenga. Alitaka role ya Thakur. Director akamshow, sawa buda, basi Sanjeev Kumar atakuwa Veeru, na Veeru ndiye anaishia na Hema Malini. Na Sanjeev alikuwa ashawahi kumposa Hema. Manze, Dharmendra alirudi kwa Veeru mbio kuliko probox ya miraa. Si hiyo tu. Stori ya set inasema alikuwa analipa watu wa taa waharibu shot, ndio amkumbatie Hema tena. Na tena. Wewe unatumia manzi fare ya kutoka Dadaab, anakublock kabla meseji ya M-Pesa iingie. Huyu alilipa wasee wa taa, na 1980 akamwoa. Hesabu imebalance.

Fare ikitajwa, mheshimu Mac Mohan, yule Sambha wa juu ya jiwe. Kutoka Bombay hadi set mara 27. Picha inatoka, ako na maneno matatu. Matatu! Lakini hajawahi kula fare ya mtu.

Na role ya Gabbar, lile jambazi? Ilikuwa iende kwa Danny Denzongpa, lakini dates zikagongana na Dharmatma, iliyokuwa inashutiwa Afghanistan. Akaletwa Amjad Khan, jina hakuna. Wasee wakaanza kunong'ona ati sauti ni nyembamba, atolewe. Ile sauti! Yenye kila msee huku hujaribu akiwa bafu, na inatoka aibu.

Scene yangu ndio wazee huforward: Jaya Bhaduri anazima taa moja moja, Amitabh ako nje na harmonika. Kama dakika moja hivi. Ilikula around siku 20. Cameraman, Dwarka Divecha, alitaka nuru ya magharibi pekee, na hiyo hukaa dakika chache tu. Shot moja, giza, pakieni, kesho. Siku hizi msee anashuti video ya ngoma Tana Bridge saa saba mchana, uso wote jasho, anaita cinematic. Ashindwe.

Ikatoka 15 August 1975, mwanzo ikaonekana flop, halafu ukumbi wa sinema wa Minerva, Bombay, ukaiweka miaka mitano. Ngori ni ile ending. Kwa original, Thakur anamuua Gabbar mwenyewe, viatu vya misumari na hasira tupu. Ilikuwa Emergency ya Indira Gandhi, censor wakakataa. Ikabidi makarao watokee dakika ya mwisho wakamshike. Makarao, on time! Na wazee wanapiga makofi ati sheria.

2025 ending ya original ilirudishwa, ikaonyeshwa Bologna, Italia. So nyinyi wa kudub Kisomali, mko wapi? Tunaitaka before Idd. Na mzee yeyote wa sheria akae nyuma.