Mbwa Mzee na Viungo Vyake

Katika vijiji vya Uluguru mbwa husaidia kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu na tumbili. Hupanda na kushuka milima. Akizeeka, viungo vyake hukakamaa. Asubuhi huinuka kwa shida, kisha huchechemea.

Usimfukuze. Msaidie hivi:

Mlaze mahali pakavu penye joto. Usimwache anenepe, kwani uzito huzidi kuumiza viungo. Mtembeze kidogo kila siku.

Mafuta ya samaki hupunguza uvimbe wa viungo. Dagaa wana mafuta hayo. Waoshe vizuri chumvi itoke, kisha mchanganyie kidogo katika ugali. Nafuu huja polepole, baada ya majuma kadhaa.

Usimpe mbwa dawa za watu za kutuliza maumivu, kama vile diklofenaki, ibuprofeni au panado. Huweza kuharibu tumbo, ini au figo zake, hata kumwua.

Akichechemea ghafla, huenda ameumia au ni mgonjwa. Mwone ofisa mifugo. Mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina hospitali ya wanyama.

Maswali
1. Kwa nini mbwa mzee asinenepe?
2. Ni dawa zipi za watu zinazomdhuru mbwa?