Mohamed Amin, mpiga picha wa vita aliyeanzia Dar es Salaam

Tarehe 23 Oktoba 1984 televisheni ya BBC ya Uingereza ilirusha picha za dakika chache kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Zilionyesha uwanda uliojaa watu alfajiri, maelfu kwa maelfu, wamejikunyata kwa baridi chini ya shuka zilizochakaa, na katikati yao watoto waliokuwa wamebaki mifupa. Picha hizo zilirudiwa na vituo 425 duniani, na watu wanaokadiriwa kufika milioni 470 waliziona.

Huku kwetu Tanzania, milimani Usambara, hazikuonekana. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Mtu wa Lushoto, Bumbuli, au wa kule Sigi njia ya kupandia Amani, habari za njaa ya Ethiopia alizipata redioni. Ukilifikiria jambo hili linachekesha kidogo, maana aliyezipiga picha hizo ufundi wake aliuanzia hapa hapa Tanzania.

Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo, alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Baba yake alikuwa Mpunjabi aliyekuja kufanya kazi ya reli. Familia ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko mtoto alikoipata kamera ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha tumika, ile ya umbo la kisanduku. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa akipiga picha za mashindano ya magari ya Safari na kuwauzia wenye magazeti. Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 21, alifungua kampuni yake Dar es Salaam na kuiita Camerapix.

Miezi michache baadaye, Januari 1964, Mapinduzi yakatokea Zanzibar. Kwa kijana mwenye kamera, ng'ambo tu ya bahari, hiyo ilikuwa habari ya kumtoa mtu ujanani. Alikwenda, akapiga, akatuma. Lakini visiwa vile vile ndivyo vilivyomtia matatani: mwaka 1966 alikamatwa baada ya kupiga picha za mafunzo ya kijeshi ambazo wakubwa hawakutaka zitoke. Alisota gerezani karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa Tanzania. Akahamia Nairobi na kampuni yake, na ndiyo maana leo watu wengi humtaja kama Mkenya tu.

Nairobi ikawa makao ya kuondokea kwenda vitani: Kongo, Uganda, Ogaden, na baadaye Somalia. Kazi yenyewe ilikuwa na ugumu ambao kijana wa leo mwenye simu mkononi hawezi kuudhania. Filamu ilitolewa ndani ya kamera, ikafungwa vizuri na kukimbizwa uwanja wa ndege ili ifike London. Mara nyingine ilibidi kumwomba abiria asiyefahamika aibebe kwenye mzigo wake. Ndege ikiondoka bila mzigo wako, habari imechacha. Kwa hiyo hodari hakuwa yule aliyejua kupiga tu. Alikuwa yule anayejua ratiba za ndege, karani gani wa forodha ni mwelewa, na dereva gani hatakimbia risasi zikianza kulia. Kwa hayo Mo hakuwa na mwenzake. Waziri wa Kenya, Tom Mboya, alipopigwa risasi Nairobi, Julai 1969, Mo aliwahi kufika hata akapiga picha ndani ya gari la wagonjwa. Picha hizo zilimpatia tuzo ya Uingereza ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka ule.

Korem nayo ilikuwa habari ya vita, ingawa dunia iliipokea kama habari ya ukame. Mvua zilikosekana kweli. Lakini serikali ya Ethiopia chini ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, barabara zimefungwa, na Septemba ya mwaka huo Addis Ababa ilikuwa katika sherehe za miaka kumi ya mapinduzi ya nchi hiyo. Mo aliingia kaskazini pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Buerk, na ndiyo watu wa Ulaya wanayoikumbuka. Jicho lilikuwa la Mo. Matokeo yake yalikuwa misaada mikubwa na tamasha la muziki la kuchangia wenye njaa, Live Aid, la Julai 1985. Lawama pia zipo, na si za bure: kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu wa nje akisikia Afrika aliona mtoto mwenye njaa, wala hakuuliza nani aliyefunga zile barabara.

Mpiga picha wa televisheni enzi hizo hakwenda peke yake. Nyuma yake alifuata fundi wa sauti, mashine ya kurekodi begani, waya ukiunganisha mashine na kamera. Huyu alipokwenda, na yule alikwenda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1991, wiki moja baada ya waasi kuiteka Addis Ababa, ghala la silaha lilishika moto mjini humo. Mo alikimbilia huko na Buerk, na fundi wake wa sauti John Mathai, Mkenya. Wakiwa kazini, mlipuko mkubwa zaidi ukatokea. Mathai alikufa pale pale. Mo aliokolewa, lakini mkono wa kushoto ukakatwa.

Wengi wangestaafu. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia na kurudi kazini. Ushujaa, ndiyo, lakini nyumbani ulikuwa na gharama yake: mwanawe, Salim, ametengeneza filamu kuhusu baba huyo ambaye dunia ilimwona zaidi kuliko familia yake.

Vita havikumwua. Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, pamoja na mwandishi mwenzake wa siku nyingi Brian Tetley. Vijana watatu waliiteka na kudai ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi. Hawakumsadiki, kwa sababu jarida la ndani ya ndege lilisema aina hiyo ya ndege inaweza kukaa angani saa 11. Jarida hilo, Selamta, lilikuwa likichapishwa na Camerapix, kampuni ya Mo mwenyewe.

Mafuta yaliisha karibu na Ngazija, visiwani Komoro. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji. Ndege ilipiga maji mbele ya hoteli ya Galawa, ikapasuka. Kati ya watu 175, walikufa 125, baadhi yao kwa sababu walijaza upepo maboya ya kifuani wakiwa bado ndani, wakashindwa kupiga mbizi kutoka. Mo alikuwa na miaka 53. Tetley naye alikufa.

Majina mengine nayo yamefunikwa kama la Mathai. Miaka mitatu kabla ya ajali hiyo, Julai 12, 1993, waandishi wanne waliuawa na umati wenye hasira Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kuishambulia nyumba iliyojaa wazee wa ukoo. Mmoja wao, Dan Eldon, aliyekuwa na miaka 22, ametungiwa vitabu na filamu. Hansi Krauss alikuwa Mjerumani. Wakenya wawili waliokufa siku hiyo, mpiga picha Hos Maina na fundi wa sauti Anthony Macharia, ni wachache mno wanaoyajua majina yao, hata hapa Afrika Mashariki.

Hazina ya picha za Mo iko Nairobi, na picha za Zanzibar ya 1964 zimo humo. Mhariri atakayezichapa tena aandike chini yake jina la aliyezipiga. Na itakapotajwa Addis Ababa ya Juni 1991, lianze jina la John Mathai, ndipo lije la aliyepoteza mkono.