Nyaya za Daraja Zisiachiwe Upepo

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa habari za upepo. Aliyelala chomboni usiku anajua jinsi kamba za mlingoti zinavyolia hata kabla bahari haijachafuka. Sisi wa Mpanda, tulio mbali na bahari, sauti hiyo twaisikia chini ya nyaya kubwa za umeme, kama zile za kilovolti 132 zitokazo Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Kamba ya chombo, waya wa umeme na waya wa daraja huimbishwa na jambo moja. Leo twalizungumza jambo hilo kwa sababu Taifa letu limekwisha kuingia katika zama za madaraja ya nyaya.

Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere huko Kigamboni, lenye urefu wa meta 680. Mwaka 2018 jirani zetu wa Uganda walifungua lao Jinja, juu ya Mto Nile. Tarehe 19 Juni, 2025 likafunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilometa 3 hivi juu ya Ziwa Victoria. Msafiri wa Mpanda aendaye Mwanza kwa njia ya Kigoma na Geita hangoji tena kivuko pale Busisi. Haya ni matunda ya jasho la wananchi, na kwa hiyo ni amana mikononi mwetu sote.

Wengi hudhani adui wa daraja ni dhoruba peke yake. Sivyo. Upepo wa kawaida unapoupita waya wa mviringo huacha nyuma yake visulisuli vidogo, kimoja juu, kingine chini, kwa zamu. Kila kimoja huuvuta waya kidogo upande wake. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa asili wa waya, mtikisiko hukua, mfano wa mtoto katika pembea asukumwaye kidogo kidogo kwa wakati wake. Mvua ikinyesha hatari huzidi, kwani michirizi ya maji hubadili umbo la waya mbele ya upepo. Waya haukatiki siku hiyo. Lakini chuma kinachopindwa mara milioni nyingi huchoka, hasa pale kilipofungwa, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki.

Rotterdam, nchini Uholanzi, Daraja la Erasmus lilifunguliwa Septemba 1996. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule nyaya zake zilitikisika vibaya kwa upepo na mvua, likafungwa kwa muda, na vizuia-mtetemo vikaongezwa. Hao ni watu wenye fedha na wahandisi hodari.

Dawa inajulikana. Ganda la waya huzungushiwa ukingo mwembamba kama uzi wa parafujo, na karibu na maungio huwekwa vizuia-mtetemo vifanyavyo kazi kama shokomzoba za gari. Kwenye nyaya za umeme hutundikwa vyuma vidogo vyenye uzito ncha mbili, alivyovibuni Mmarekani George Stockbridge katika miaka ya 1920. Lakini dawa nayo huzeeka: mpira hukauka, boliti hulegea.

Ni kweli kwamba nyaya za Busisi ni fupi, zimetoka katika minara mifupi, na upepo hauzichezi kama zile ndefu za Jinja. Ufupi hupunguza hatari. Hauondoi wajibu wa kukagua.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wenye dhamana mambo matatu. Kwanza, fedha za kukagua nyaya ziandikwe katika bajeti ya kila mwaka, zisingoje ajali. Pili, vipimo vya upepo na mtetemo vichukuliwe na kuhifadhiwa, ili mhandisi wa kesho ajue waya ulikuwaje jana. Tatu, vijana wetu wafundishwe kazi hiyo, tusimwite mgeni kila boliti inapolegea.

Katavi bado tunavuka Katuma na Kavuu kwa madaraja ya zege na chuma. Hata hivyo, kodi ya mkulima wa Mpimbwe imo katika nyaya za Busisi, naye ana haki ya kuuliza zinatunzwaje. Sherehe ya kukata utepe ni ya siku moja. Upepo huvuma kila siku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.