Je, Wajua? Kisima Hupimwa Kabla ya Mtambo

Taa inayowaka Dandora, Nairobi, usiku huu huenda inawashwa na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya. Umeme huo husafiri kwa nyaya za kilovolti 220 hadi kituo kikubwa cha Dandora.

Mtambo wa kwanza wa jotoardhi Afrika ulikuwa mdogo mno: kilowati 200 hivi, Kiabukwa, Katanga (Kongo), mwaka 1952. Maji yake yalikuwa na nyuzi 91 tu. Hayakuwa hata yanachemka!

Eburru, karibu na Naivasha, Kenya, kisima kimoja cha mvuke huendesha mtambo wa megawati 2.5.

Lakini kabla ya mtambo kujengwa, kisima hupimwa kwanza. Hufunguliwa kikanguruma, mvuke ukapaa angani, pengine kwa miezi. Wahandisi hupima shinikizo kwenye mdomo wa bomba linalotoa mvuke huo. Kisha hupima kina cha maji yanayotoka pamoja na mvuke, yanapomwagika kupitia pengo lenye umbo la V. Kwa vipimo hivyo viwili, pasipo kuupima mvuke peke yake, hukadiria nguvu ya kisima. Ustadi wa ajabu kweli.

Na uimara wa mitambo? Mtambo wa kwanza wa Olkaria, megawati 15, uliwashwa 1981. Ulitarajiwa kudumu miaka 25. Ulipita 30.